Toleo Halijatufikia

Katika maktaba ya Hexham, chumba cha nyuma,
ambako bomba la joto lilikohoa tangu Novemba hadi Mei,
Enid Thirlwell alitunza kadi za majarida.
Kila jarida na kadi yake,
kila kadi na kisanduku, pembe ya juu, kulia,
cha kujibu swali moja tu: hutoka mara ngapi?

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kazi yangu mihuri na chai.
Alinifundisha kisanduku kile
kama mtu anayefundisha kuchambua dengu:
la kila siku, weka huku; la kila wiki, huku;
hili la robo mwaka ni la wafugaji wa kondoo,
hili la nyuki hutoka mara moja kwa mwaka, na bado huchelewa.
Hili la fotinait. Neno la kiungwana, alisema,
usiku kumi na nne, basi. Halina hila.

"Lakini ukiona bai," akainua penseli, "simama."
Bai-wikli. Bai-manthli.
Mara mbili kwa mwezi, au mara moja kwa miezi miwili?
Kamusi, ilipoulizwa, ilijibu: ndiyo.
"Ndumilakuwili. Linakula kwako, linalala kwa jirani.
Usiliamini. Nenda rafuni ukahesabu."

Yeye mwenyewe aliliamini mara moja.

Kaka yake Cuthbert alihamia Saskatoon
kutengeneza mashine za kuvunia ngano.
Alisimama stesheni, kofia mkononi,
akasema atakuwa akimwandikia bai-manthli.
Treni ilikuwa inapiga filimbi. Nani angeuliza?

Ahadi ni deni, na Enid alizaliwa mdai.
Akafungua kadi. Jina: Cuthbert. Mahali: Kanada.
Kwenye kisanduku: mara mbili kwa mwezi.
Barua ya Januari ikaingia, akaweka vema.
Ya pili ya Januari, hakuna.
Februari hakuna, na tena hakuna.
Machi vema moja, habari za theluji na jino bovu.
Miaka minne hivyo, kadi ikawa na mapengo
kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.
Hakumlalamikia mtu. Ila kila Krismasi
soksi alizomfumia zilizidi kuwa za sufu rahisi.

Siku moja akajaza postikadi,
ile ile tuliyowatumia wachapishaji wazembe:
Bwana, toleo lako la pili la Machi halijatufikia.
Tafadhali tuma nakala, au eleza.

Jibu likaja nje ya zamu yake:
"Dada, sijakosa hata moja. Kila baada ya miezi miwili,
kama nilivyosema. Mimi nilidhani wewe
ndiye unayeandika kupita kiasi,
nikahofu labda unaumwa."

Alicheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye chai.
Kisha akanyamaza, akachukua kifutio,
akafuta pengo baada ya pengo, polepole,
hasira ya miaka minne ikawa makombo ya mpira
kwenye sketi yake ya kijivu.

Barua ya mwisho kutoka Saskatoon
iliandikwa na jirani, kwa taipureta.
Kanuni kwa jarida lililokufa ninaijua:
wino mwekundu, neno *limekoma*, tarehe,
kadi inashuka droo ya chini kabisa.
Wino nilikuwa nao mimi, nimekwisha ufungua.

Enid akaichukua kadi mkononi mwangu.
Akakifuta kisanduku. Akafikiri muda wa bomba kukohoa mara mbili.
Akaandika lile tunaloyaandikia majarida
yanayokuja yanapojisikia kuja:
Halina ratiba.

Akairudisha droo ya juu,
nyuma ya kondoo, mbele ya nyuki.